Mazimwi ya Japani na Dola Iliyotaka Kuyafuta

Kati ya mwaka 1921 na 1923, Kamisheni ya Kudumu ya Udhamini, chombo cha Shirikisho la Mataifa kilichokutana Geneva, ilikuwa na kazi ya kukagua taarifa za nchi zilizopokonywa kwa Ujerumani na Uturuki baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Tanganyika chini ya Mwingereza ilikuwamo. Ruanda-Urundi chini ya Mbelgiji ilikuwamo. Vilikuwamo pia visiwa vya Pasifiki, vingine vikiwa mikononi mwa Japani yenyewe. Mjumbe wa Kijapani katika kamisheni hiyo aliitwa Yanagita Kunio, msomi wa sheria aliyekuwa amepanda vyeo hadi kuwa katibu mkuu wa Baraza la Juu la Bunge la Japani. Mtu huyohuyo, mwaka 1910, alikuwa amechapisha nakala 350 za kitabu kidogo kilichojaa visa vya wanawake waliopotelea milimani, watoto-mizuka wanaoishi katika nyumba za matajiri, na viumbe wa mtoni wanaojaribu kuvuta farasi majini.

Leo vitabu kuhusu kazi zake hizo mbili huwekwa katika rafu tofauti: siasa za dunia huku, hadithi za mizuka kule. Anayependa vyote viwili huonekana ana mapenzi mawili yasiyojuana. Ninavyoona mimi, ni somo moja. Karibu kila zimwi la Kijapani lenye umaarufu leo limepitia mikononi mwa historia ya kisasa, likabadilishwa sura au likapewa kazi mpya, na mara nyingine likaundwa nayo moja kwa moja. Ili hilo lieleweke inabidi kurudi nyuma kidogo, kabla ya Yanagita kuzaliwa.

Wajapani hutumia jina yokai kwa ukoo mpana sana. Yumo kappa wa mtoni, mwenye kisahani cha maji utosini ambacho maji yake yakimwagika nguvu humwishia. Yumo tengu wa milimani mwenye pua ndefu. Wamo mbweha na tanuki, yaani mnyama wa jamii ya mbwa, wote wanyama halisi wa porini wanaosadikiwa kujigeuza, na hata miavuli na mabuli yaliyotumika miaka mingi hadi yakapata roho. Mzimu wa mtu aliyekufa huhesabiwa pembeni, ingawa mpaka huo huvukwa kila mara. Baadhi yao ni wa kale kwelikweli, lakini sura tunazowajua nazo zilichorwa mjini kwa ajili ya soko. Mwaka 1776 mchoraji Toriyama Sekien wa Edo, mji ambao leo ni Tokyo, alianza kutoa vitabu vilivyowapanga yokai mmoja mmoja, kila mmoja na ukurasa wake na jina lake, kwa mtindo wa vitabu vya mimea na wanyama vya wakati huo. Wengine aliwabuni mwenyewe. Watu wa mjini nao walikuwa na mchezo wa kukutana usiku, kuwasha taa mia moja na kuzima moja kila kisa cha kutisha kilipomalizika, mpaka chumba kizima kiwe giza. Walikuwa wakiogopa kwa starehe.

Julai 1853 meli nne za kivita za Marekani chini ya Matthew Perry zilitia nanga mlangoni mwa Ghuba ya Edo, zikidai Japani ifungue bandari zake. Mwaka uliofuata mkataba ukatiwa saini. Kisha tarehe 11 Novemba 1855 tetemeko kubwa likaipiga Edo, na kwa makadirio ya kawaida likaua kati ya watu 7,000 na 10,000. Wachapaji wa mjini hawakungoja. Katika wiki chache walimwaga sokoni picha za kambare za kila namna.

Kwa nini kambare? Ilisemwa kwamba chini ya ardhi yupo kambare mkubwa, aliyegandamizwa kwa jiwe na mungu wa Kashima, na kwamba mungu huyo akiondoka kambare hujitikisa. Tetemeko lilitokea mwezi wa kumi wa kalenda ya zamani, mwezi ambao miungu husemekana kwenda kwenye mkutano wao Izumo, mahali patakatifu magharibi mwa nchi. Kwa hiyo kisa kilikaa vizuri. Katika baadhi ya picha watu wanampiga kambare kwa hasira. Katika nyingine mambo yamegeuka: maseremala na mafundi lipu wanamkaribisha kwa pombe kwa sababu ujenzi umewaletea fedha, na matajiri wanatapishwa sarafu za dhahabu. Ipo pia picha ambamo kambare anavutana shingo kwa kamba na Perry mwenyewe. Kuzungumzia siasa waziwazi kulikuwa kosa chini ya serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, lakini samaki hawezi kushtakiwa. Baada ya takriban miezi miwili serikali iliona mchezo unavyokwenda, ikapiga marufuku picha hizo na mbao za kuzichapia zikaharibiwa. Ukitaka kujua maskini wa Edo walifikiri nini kuhusu matajiri wao na kuhusu meli za Wamarekani, picha za kambare zina mengi kuliko nyaraka za mkataba.

Serikali ya Meiji, iliyoingia mwaka 1868 kwa jina la mfalme mkuu baada ya shogun kuondolewa, ilikuwa na haraka. Ilitaka Japani isitawaliwe kama nchi nyingine za Asia, na ilidhani dawa ni kuwa dola ya kisasa upesi iwezekanavyo. Reli ya kwanza, kutoka Tokyo hadi Yokohama, ilifunguliwa mwaka 1872. Kalenda ya Kizungu ilianza tarehe 1 Januari 1873, na mwezi huohuo waganga waliopandisha pepo na kuagua walipigwa marufuku. Zikaja shule za lazima, nyaya za telegrafu, sensa, jeshi la kuandikisha vijana. Kila kimoja kati ya hivyo kilizaa hofu yake. Nyaya za telegrafu zilisemwa kuwa zimepakwa damu ya wasichana. Tangazo la serikali kuhusu jeshi, la mwishoni mwa mwaka 1872, likamwaga mafuta kwenye moto: liliazima usemi wa Kifaransa na kuuita utumishi wa kijeshi kodi ya damu. Vijijini watu walilisoma kama lilivyoandikwa. Mwaka 1873 ghasia zililipuka sehemu kadhaa za magharibi mwa nchi. Huko Mimasaka, katika Okayama ya leo, ilivuma kwamba watu waliovaa nyeupe wanazunguka wakikamata vijana ili wakamuliwe damu. Umati ulichoma shule na nyumba za viongozi, ukawaua pia watu wa tabaka lililobaguliwa kwa karne nyingi, ambalo serikali ilikuwa imelipa usawa wa kisheria miaka miwili tu kabla.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hahitaji mkalimani hapa. Visa vya mumiani na vya wazimamoto wanaonyonya damu vilienea Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, navyo vilishikamana na vitu vilevile: magari ya serikali, hospitali, sare, kazi za kulazimishwa. Wanahistoria wamejifunza kutovipuuza. Mkulima wa Mimasaka alikosea kuhusu chupa za damu, lakini kuhusu dola kutaka mwili wa mwanawe hakukosea hata kidogo. Na waliolipa kwa hofu yake walikuwa watu dhaifu kuliko yeye.

Dola hiyo ilipata mtetezi wa aina yake. Inoue Enryo, aliyezaliwa mwaka 1858 katika hekalu la Kibudha huko Echigo, Niigata ya leo, alihitimu falsafa katika Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1885, na mwaka 1887 akaanzisha shule iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Toyo. Aliamini kwamba taifa lenye kuogopa mbweha haliwezi kusimama mbele ya Ulaya. Basi akaamua kuchunguza kila kioja, akizunguka wilaya baada ya wilaya, akikusanya na kuhutubia, hadi watu wakamwita Daktari Yokai.

Kesi yake maarufu ni Kokkuri. Katikati ya miaka ya 1880 nchi nzima ilikuwa imeshikwa na mchezo huu: mianzi mitatu hufungwa pamoja kama miguu, kifuniko cha chombo cha wali kikawekwa juu, watu wakaweka mikono na kuuliza maswali, na mguu mmoja ukainuka kujibu. Ilisemwa ni pepo wa mbweha. Inoue alifuata njia ya mchezo huo nyuma hadi bandari ya Shimoda, ambako mabaharia wa Marekani waliokwama walikuwa wamewaonyesha wenyeji mchezo wa meza inayogonga, uliokuwa ukipendwa kwao. Hivyo pepo aliyedhaniwa kuwa wa kale alikuwa ameshuka melini miaka michache tu iliyopita. Kuhusu miguu kuinuka, Inoue alieleza kwamba akili inayotarajia jibu husogeza misuli bila mwenyewe kujua, maelezo aliyoyatoa kwenye saikolojia ya Ulaya ya wakati wake na ambayo hadi leo yanakubalika.

Nampenda Inoue, lakini alishindwa kwa namna ya kuchekesha. Maelfu ya kurasa alizoandika ili kufuta imani hizo zimekuwa hazina ya wanaozitafuta. Kokkuri bado huchezwa na watoto wa shule za Japani, kwa sarafu na karatasi ya herufi. Naye Inoue hakuwa mkavu kama anavyosimuliwa: alishikilia kwamba ukishaondoa uongo wote na makosa yote, kinabaki kioja kimoja cha kweli, ulimwengu wenyewe kuwapo. Bustani ya falsafa aliyoijenga Tokyo ina lango lenye sanamu ya tengu upande mmoja na mzuka upande wa pili.

Wakati Inoue akihutubia, wanavijiji waliokaa kando ya reli walisimulia kisa kingine. Dereva wa treni ya usiku anaona taa ya treni nyingine ikimjia kwenye reli ileile, anasikia hata honi yake. Anafunga breki, hakuna kitu. Usiku mmoja anaamua kutosimama. Asubuhi tanuki anakutwa amekufa relini. Kisa hiki kilisimuliwa sehemu nyingi za nchi, na hekalu moja la Kameari, Tokyo, lina kilima cha kumbukumbu cha mnyama wa namna hiyo. Hakuna kitabu cha uchumi kinachoeleza kwa ufupi hivyo mwitu ulivyoshindwa na chuma.

Lafcadio Hearn, mzaliwa wa kisiwa cha Lefkada huko Ugiriki, nampita haraka kwa kuwa anajulikana sana. Alifika Japani mwaka 1890, akaoa, akachukua uraia na jina la Koizumi Yakumo, na mwaka 1904 akatoa Kiingerezani visa vya mizuka ambavyo Magharibi inavisoma hadi leo. Lisilotajwa vya kutosha ni kwamba visa vingi alisimuliwa na mkewe, Setsu, aliyevitafuta katika vitabu vya zamani na kumhadithia kwa Kijapani chepesi cha nyumbani.

Ndipo tunamfikia Yanagita. Alizaliwa mwaka 1875, akasoma sheria Tokyo, na mwaka 1900 akaingia Wizara ya Kilimo na Biashara. Kilichomshughulisha kilikuwa umaskini wa wakulima. Mwishoni mwa mwaka 1908 alikutana na kijana aliyetaka kuwa mwandishi, Sasaki Kizen, mwenyeji wa Tono, bonde la milimani katika Iwate, eneo lililojua njaa vizazi kwa vizazi. Sasaki alisimulia, Yanagita akaandika. Vikapatikana visa 119, vifupi, vikavu, bila mapambo. Katika dibaji yake Yanagita aliomba visa hivyo viwatetemeshe watu wa nchi tambarare, maana yake wasomi wa mjini kama yeye.

Kinachonishangaza kila nikivisoma ni kwamba havisemi hapo zamani za kale. Vinataja vijiji, familia, miaka ya karibuni. Kimoja kinasema mwanamke alizaa mtoto wa kappa, watu wa nyumbani wakamkatakata na kumzika; wachambuzi wengi wanaona nyuma yake kumbukumbu ya watoto wachanga waliouawa miaka ya njaa. Kisa cha 99 kinatokana na tsunami ya tarehe 15 Juni 1896, iliyoua watu wapatao 22,000 katika pwani ya Sanriku. Mwanamume aliyepoteza mke na mtoto anatoka nje usiku wa mbalamwezi, mwaka mmoja baadaye. Anamwona mkewe ufukweni, anatembea na mwanamume mwingine, naye amekufa kwa maji yaleyale. Mwanamume huyo ndiye mke aliyempenda kabla ya kuolewa. Mke anasema sasa ameolewa naye. Mume anamuuliza kama watoto wao waliobaki hai hawampi uchungu. Mke anabadilika rangi kidogo, analia, kisha wawili hao wanaondoka. Mume akaugua muda mrefu. Baada ya tsunami ya tarehe 11 Machi 2011 pwani hiyohiyo, watu walikirudia kisa hicho, na madereva wa teksi wa Ishinomaki nao walisimulia abiria waliopanda wakitaka kupelekwa kwenye mitaa iliyokwisha kusombwa, kisha wakatoweka kitini.

Kitabu cha Tono kilitoka Juni 1910. Agosti mwaka huo Japani iliitwaa Korea. Taiwan ilikuwa koloni lake tangu mwaka 1895. Yanagita alikuwa ofisa wa dola hiyo, na wakati uleule alikuwa akishikilia nadharia kwamba watu wa ajabu wa milimani wanaotajwa katika visa ni mabaki ya wenyeji wa asili waliosukumwa juu na Wajapani waliokuja baadaye. Wachambuzi kadhaa wanaona hapo kivuli cha watu wa milima ya Taiwan, waliokuwa wakipigwa vita na jeshi la Japani miaka hiyohiyo. Baadaye aliiacha nadharia hiyo.

Ukijua hayo, Geneva haishangazi tena. Mtu aliyekuwa akiuliza nini huwapata watu wa chini wakati dola kubwa inapowafikia alipewa majalada ya dola kubwa kuhusu watu wa chini. Aliandika ripoti kuhusu ustawi na maendeleo ya wenyeji wa nchi za udhamini. Kazi haikuwa tamu: mijadala ilikuwa ya Kifaransa na Kiingereza, na upweke wa lugha ulimfanya avutiwe na Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili itumiwe na mataifa yote. Swali la kumwuliza ni kwa nini jicho lililoona Tono kwa huruma vile halikugeuka kuitazama Korea kwa ukali uleule. Sina jibu la kumtetea.

Septemba 1, 1923 tetemeko liliteketeza Tokyo na Yokohama, watu wapatao 105,000 wakafa, na Yanagita akarudi nyumbani. Safari hii hapakuwa na kambare. Uvumi ulisema Wakorea wanatia sumu visimani. Vikundi vya raia wenye silaha, polisi na wanajeshi waliua maelfu ya Wakorea, na mamia ya Wachina pamoja nao. Miaka hamsini baada ya Mimasaka, uvumi haukuhitaji tena kiumbe wa ajabu. Ulimchagua jirani.

Miongoni mwa hadithi zote, iliyotumikishwa zaidi ni ya Momotaro, mvulana aliyetoka ndani ya pichi, akaenda na mbwa, nyani na kwale hadi kisiwa cha mazimwi yenye pembe, akayashinda na kurudi na mali yao. Mapema kabisa, mwaka 1871, mwanafikra Fukuzawa Yukichi aliwaandikia wanawe kwamba Momotaro ni mwizi tu: kama mazimwi yalikuwa mabaya, kuyaadhibu ni sawa, lakini mali ni yao. Mwaka 1924 mwandishi Akutagawa Ryunosuke aliandika upya kisa hicho, mazimwi yakiwa wenyeji watulivu wa kisiwa kizuri na Momotaro akiwa mvamizi mvivu. Serikali ilisikiliza sauti nyingine. Momotaro alikuwa tayari katika vitabu vya shule, na wakati wa vita Wizara ya Wanamaji ililipia filamu za katuni kumhusu. Ya mwaka 1943 inakifanya kisiwa cha mazimwi kuwa Pearl Harbor, bandari ya kijeshi ya Marekani ambayo Japani iliishambulia mwaka 1941. Ya Aprili 1945, ya dakika 74, ambayo ndiyo katuni ndefu ya kwanza ya Japani, inawaonyesha wanyama wa nchi za kusini wakifundishwa silabi za Kijapani kwa wimbo, kisha Waingereza wenye pembe wakisalimu amri. Ilipoonyeshwa, miji mingi ilikuwa imekwisha kuungua na watoto wengi waliolengwa walikuwa wamehamishiwa vijijini.

Mmoja wa askari wa vita hivyo alikuwa Mizuki Shigeru, wa mji wa bandari wa Sakaiminato, aliyekuja kuwa mchoraji mashuhuri wa katuni. Utotoni bibi mmoja jirani alimjaza visa vya yokai. Jeshi likampeleka Rabaul, katika kisiwa cha New Britain, sehemu ya New Guinea iliyokuwa chini ya udhamini wa Australia. Taarifa za nchi hiyo nazo zilikuwa zikipelekwa kwa ile kamisheni ya Yanagita. Huko kikosi chake kiliangamizwa, akaugua malaria, na bomu likamkata mkono wa kushoto. Waliomtunza na kumlisha ni wanakijiji wa Kitolai, ambao alirudi kuwatembelea baada ya vita. Alisimulia pia kwamba akikimbia gizani msituni aligonga kitu laini kisichoonekana, kikamzuia kupita. Baadaye aliikuta nurikabe katika orodha ya yokai aliyoitoa Yanagita mwishoni mwa miaka ya 1930: ukuta usioonekana unaomzuia mpita njia usiku, kisa cha pwani ya Kyushu. Yanagita hakueleza sura yake. Mizuki, kwa mkono wa kulia uliobaki, aliichora kama ubao mkubwa wa kijivu wenye macho na miguu mifupi, na tangu runinga ilipoanza kuonyesha katuni zake mwaka 1968 kila mtoto wa Japani anadhani nurikabe ilikuwa hivyo siku zote. Alifariki mwaka 2015 akiwa na miaka 93. Vitabu vyake kuhusu vita vina hasira dhidi ya makamanda walioamuru askari wafe bila sababu, na yokai wake karibu wote wana upole ambao makamanda hao hawakuwa nao.

Ukoo umeendelea kukua. Mwaka 1979 uvumi wa mwanamke aliyefunika uso, mwenye mdomo uliochanwa hadi masikioni, akiwauliza watoto kama yeye ni mzuri, ulianzia Gifu na kuienea nchi katika miezi michache tu. Shule zikawapanga watoto warudi nyumbani kwa makundi. Simu na masomo ya jioni ya mitihani ndivyo vilivyousafirisha.

Na mwaka 2020, korona ilipoingia, Wajapani walianza kurushiana mitandaoni picha za Amabie, kiumbe mwenye mdomo wa ndege, magamba na nywele ndefu. Anajulikana kwa karatasi moja ya mwaka 1846 iliyohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Kyoto. Inasema alitokea baharini huko Higo, Kumamoto ya leo, akabashiri mavuno mema ya miaka sita pamoja na maradhi, akaagiza picha yake ichorwe na kuonyeshwa watu. Aprili mwaka huo Wizara ya Afya ya Japani, tawi la dola ileile iliyopiga marufuku waganga mwaka 1873, ilimweka Amabie kwenye tangazo la kuwaomba vijana wasieneze virusi. Karatasi ya mwaka 1846 ilikuwa bidhaa ya wauza habari wa mitaani, na agizo la kusambaza picha liliwafaa wao kwanza. Wizara iliitoa picha hiyo bure.